Sufu ya Mwenyeji, Mikono ya Mgeni

Mwaka jana nikiwa TP nilifundisha Historia Kidato cha Tano, mada ya kukua kwa ubepari Ulaya. Nikaandika ubaoni kwamba Uingereza ilitajirika kwa kuuza sufu ya kondoo, baadaye vitambaa vya sufu. Nikajua nimemaliza. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, naomba niulize kwa Kiswahili. Kama mwanzo walikuwa wanauza sufu ghafi nje, nani aliwafundisha kufuma vitambaa vizuri?"

Nikamjibu kama walimu wote waliobanwa: "Swali zuri, tutaliangalia kipindi kijacho." Kipindi kikafika, sikuligusa. TP ikaisha, nikarudi chuo na deni. Leo nalilipa, na wenzangu mnaojiandaa kwenda TP msije mkakwama pale pale.

Kwanza tuweke sawa jambo moja: kufuma Waingereza walikuwa wanajua. Vyama vya wafumaji vilikuwepo London na Lincoln tangu karne ya 12. Ila vitambaa vya hali ya juu vilitoka ng'ambo, hasa Flanders, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji. Miji kama Ghent na Ypres iliishi kwa kufuma sufu iliyotoka Uingereza. Mwenyeji anauza malighafi, kisha ananunua bidhaa. Hadithi hiyo sisi hatuhitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1331 Mfalme Edward III alimpa hati ya ulinzi mfumaji kutoka Flanders aitwaye John Kempe, aje na wafanyakazi wake, afanye kazi na kufundisha wengine. Mwaka 1337 sheria ikafungua mlango kwa mafundi wote wa vitambaa kutoka nje. Tusiwape wageni sifa zote lakini. Ushuru nao ulichangia: sufu ghafi ilitozwa ushuru mkubwa ikitoka nchini, vitambaa vikatozwa kidogo, kwa hiyo ikalipa zaidi kufumia nyumbani. Kufikia katikati ya karne ya 15, vitambaa vilikuwa vimeipita sufu ghafi katika mauzo ya nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa hapa ndipo wengi tunafunga daftari: wageni walileta ujuzi, uchumi ukakua, alama zote. Mimi nilipoendelea kusoma nikaona kuna swali la pili, zito zaidi: mgeni huyu aliishi kwa ruhusa ya nani?

Chukua Wayahudi. Walifika kutoka Rouen, Ufaransa, baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kanisa liliwakataza Wakristo kukopesha kwa riba, na Wayahudi walifungiwa milango mingi ya kazi nyingine, hivyo baadhi yao wakawa wakopeshaji. Fedha zao zilisaidia mabwana wa ardhi na hata ujenzi wa makanisa. Mfalme aliwalinda, lakini aliwalinda kama mtu anavyolinda ng'ombe wa maziwa. Aaron wa Lincoln, tajiri mkubwa, alipofariki mwaka 1186, mali yake na madeni aliyokuwa akidai vilichukuliwa na mfalme. Mwaka 1190 mjini York, Wayahudi wapatao 150 walikufa wakiwa wamezingirwa ngomeni, na baada ya hapo kundi lile likaenda kuchoma kumbukumbu za madeni. Uone hasira ilikuwa inatafuta nini. Mwaka 1275 Edward I aliwapiga marufuku kukopesha kwa riba. Mwaka 1290, wakiwa wameshakamuliwa kodi hadi hawana kitu, akawafukuza wote nchini.

Pengo la mikopo lilizibwa na wenye benki kutoka Italia. Kampuni za Bardi na Peruzzi za Florence zilimkopesha Edward III fedha za vita dhidi ya Ufaransa. Mfalme akashindwa kulipa, na katika miaka ya 1340 kampuni zote mbili zikaanguka, ingawa hilo halikuwa pigo lao pekee.

Na wale wafumaji? Mafundi wenyeji wa London walilalamika kwamba wageni wanawaharibia soko. Ulipozuka Uasi wa Wakulima mwaka 1381, watu wa Flanders walisakwa mitaani London. Zaidi ya 30 walitolewa katika kanisa moja walimokimbilia, wakakatwa vichwa. Ilikuwa miaka 50 tu tangu hati ya John Kempe.

Lakini wageni hawakuwa matajiri na mafundi tu. Mwaka 1440 Bunge lilianzisha kodi ya wageni: peni 16 kwa mwaka kwa mwenye kaya, peni 6 kwa asiye na kaya. Orodha za kodi hiyo zimebaki, na ndani yake wamo washona viatu, vibarua wa mashambani na watumishi wengi wa majumbani, wengine wakiishi vijijini kabisa. Hao hawakualikwa kwa hati ya mfalme. Walikuja kutafuta maisha, wakahesabiwa ili walipe.

Kwa hiyo ukifundisha mada hii, au ukikutana nayo kwenye mtihani, usiishie kwenye "wageni walileta nini". Uliza pia nani alinufaika nao, na mambo yalipoharibika nani alisimama upande wao. Swali la kwanza litakupa hoja za uchumi. Hilo la pili ndilo linaloonyesha jamii yenyewe ilikuwaje.

Yule binti sasa yuko Kidato cha Sita. Wiki iliyopita nilimtumia mwalimu wake wa somo ukurasa mmoja wa majibu, pamoja na samahani yangu. Mwalimu akanijibu kwamba amemsomea, na binti ameuliza: "Waliobaki hai mwaka 1381 waliendelea kufuma?"

Ndiyo, mdogo wangu. Waliendelea. Safari hii sikusubiri kipindi kijacho.