Herufi kubwa na ndogo katika orodha za basari

Tuseme karani wa basari amepokea orodha tatu kutoka wadi. Ya kwanza imeandikwa MUTOMO, ya pili Mutomo, ya tatu mutomo. Mtu anaona mahali pamoja. Kompyuta inaona patatu, maana kwake kila herufi ni nambari: A ni 65, a ni 97. Ikiambiwa ihesabu waombaji wa "Mutomo", itawaacha nje wengine wote, na mtoto atakosa karo kwa sababu ya kitufe cha herufi kubwa.

Katika Python, lugha ya programu isiyolipiwa, upper() hutoa herufi kubwa na lower() hutoa ndogo. Kabla ya kulinganisha, karani aandike:

mahali = mahali.strip().lower()

Hapo strip() huondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni. Sehemu ya "mahali =" isiachwe. Amri hizi hazibadilishi neno lililopo, hutoa jipya, na lisipohifadhiwa hupotea. Wengi wanaoanza hukwama hapa.

Kwa barua za kuchapishwa kuna title(), inayogeuza "mtito andei" kuwa "Mtito Andei". Lakini Mang'elete, kule Makueni, hutoka "Mang'Elete", kwa kuwa title() huona herufi inayofuata ritifaa kama mwanzo wa neno. Afadhali kutumia capwords, ambayo hutenganisha maneno penye nafasi pekee:

from string import capwords
capwords("mang'elete")

Kĩkamba nacho kina mtego wake. Kuna programu zinazopata herufi kubwa kwa kutoa 32 tu, kama kutoka 97 hadi 65. Sasa, ũ ni 361 na Ũ ni 360. Tofauti ni 1. Python inalijua hilo: "mũndũ".upper() hutoa "MŨNDŨ".

Tahadhari moja: majina mawili yakilingana baada ya lower(), bado huenda ni watu wawili. Kitui na Makueni zina akina Mutua na Mwende wengi mno. Nambari ya usajili shuleni ndiyo iwatenganishe, na orodha ya awali ihifadhiwe jinsi ilivyoletwa.

Zoezi: andika programu ya kuhesabu mahali tofauti katika orodha hii:

["Kyuso", "KYUSO ", "kyuso", "Ikutha"]

Jibu ni 2. Ukipata 3, umesahau strip().