BREVETI: UVUMBUZI NI WA NANI?
(Somo la Sayansi na Maisha)



Mara nyingi tunasoma juu ya watu wenye kuvumbua vitu. Fulani alivumbua mashini, fulani alivumbua dawa. Tunaandika jina na mwaka katika kaye, tunajibu ekzame, na mambo yamekwisha. Lakini kuna ulizo moja ambalo hatuulizwi sana: kisha kuvumbuliwa, kitu hicho kinakuwa cha nani? Nani ana ruhusa ya kukitengeneza na kukiuzisha? Na mtu asiye na feza atakipata namna gani?

Iko karatasi moja yenye kujibu maulizo hayo. Kwa Kifaransa inaitwa brevet. Sisi tutaandika breveti. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema hataza. Tujifunze maana yake, kisha tuangalie mifano ya kweli: kofia ya kulinda watu na moshi, ordinateri, na dawa.

1. BREVETI NI NINI?

Breveti ni karatasi ambayo Serikali inapatia mvumbuzi. Inakatalia watu wengine kutengeneza, kutumia ao kuuzisha kitu chake bila ruhusa yake, kwa muda uliowekwa. Siku hizi, katika inchi nyingi, muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Miaka hiyo ikiisha, kila mtu anaweza kukitengeneza bila kulipa.

Watu wengi wanafikiri kama breveti ni siri. Sivyo hata kidogo. Breveti ni mapatano. Mvumbuzi anaeleza kazi yake yote wazi, kwa maandiko na michoro, mpaka fundi mwingine akiisoma aweze kuifanya. Kwa sababu ameeleza bila kuficha, Serikali inamlinda kwa muda. Sote tunajua habari ya mzee mwenye kujua dawa ya majani, akakufa bila kuambia mtu: dawa inazikwa pamoja naye. Breveti ilitungwa ili akili za namna hiyo zisizikwe. Mji wa Venice, katika Italia, ulikuwa na sheria hiyo tangu mwaka wa 1474. Muda wake ulikuwa miaka 10. Katika inchi yetu, wakati wa Zaire, sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 ilipanga mambo hayo.

Ili kupata breveti, kitu kinapaswa kutimiza mambo matatu:
a) Kiwe kipya. Kama watu walikwisha kukijua mbele, ni bure.
b) Kisiwe jambo ambalo fundi yeyote wa kazi ile angelifikiri kwa urahisi.
c) Kiweze kutengenezwa na kutumika. Wazo tupu halitoshi.

Tukumbuke tena jambo moja: breveti haivuki mpaka. Ile ya Ufaransa inafanya kazi katika Ufaransa tu. Mwenye kutaka kulindwa katika inchi nyingine anapaswa kuomba kule vilevile, na kulipa kule.

2. KOFIA YA MOSHI

Garrett Morgan alizaliwa mwaka wa 1877 katika jimbo la Kentucky, Marekani. Wazazi wake walikuwa wametoka katika utumwa. Aliacha masomo ya chini angali kijana, akaenda mji wa Cleveland, akajifunza kutengeneza mashini za kushona.

Aliona kama wazima-moto walikuwa wanakufa, na mara nyingi si kwa moto, bali kwa moshi. Akafikiri hivi: moshi wenye joto unapanda juu, basi hewa iliyo nzuri kidogo inabaki chini, karibu na sakafu. Akatengeneza kofia kubwa yenye kufunika kichwa chote, na tiyo ndefu yenye kushuka mpaka karibu na inchi. Ndani ya mdomo wa tiyo aliweka sifongo yenye maji, ili ipoze hewa na kushika uchafu. Alipata breveti ya chombo hicho tarehe 13 Oktoba 1914.

Tuone vizuri: hakuna jambo la ajabu katika kofia hiyo. Moshi unapanda juu, hilo hata mama mwenye kupika na kuni analijua. Uvumbuzi ulikuwa kuchukua jambo lenye kujulikana na kulifanyia chombo.

Usiku wa tarehe 24 Julai 1916, gazi ililipuka katika njia iliyokuwa inachimbwa chini ya ziwa Erie, karibu na Cleveland. Watu wa kwanza walioingia kusaidia wenzao wakaanguka nao. Wakamwita Morgan. Yeye na ndugu yake Frank wakavaa kofia, wakaingia, wakatoa watu wazima pamoja na maiti.

Lakini Morgan alikuwa mtu mweusi, na wakati ule wengi walikataa kununua kitu cha mtu mweusi. Kwa hiyo alikuwa analipa mzungu mmoja asimame mbele ya wanunuzi kama ndiye mvumbuzi. Breveti ilikuwa kwa jina lake, na ilimlinda na wezi wa uvumbuzi. Haikuweza kumlinda na ubaguzi. Karatasi inatoa haki; haigeuzi mioyo ya watu.

3. ORDINATERI BILA MWENYEWE

Mfano wa pili unaonyesha namna haki inavyoweza kupotea.

Kati ya mwaka wa 1939 na 1942, mwalimu mmoja wa fizikia, John Atanasoff, pamoja na mwanafunzi wake Clifford Berry, walitengeneza mashini ya kuhesabu kwa umeme katika chuo cha jimbo la Iowa, Marekani. Mwezi wa Juni 1941 mgeni mmoja, John Mauchly, alikuja kuiangalia na kusoma maandiko yake. Chuo kilikuwa na mpango wa kuombea mashini hiyo breveti. Lakini vita ikaja. Atanasoff akaitwa kufanya kazi ya jeshi la majini, na maombi hayakupelekwa hata siku moja. Nyuma yake mashini yenyewe ikavunjwa vipande-vipande.

Mauchly na mwenzake Presper Eckert walitengeneza ordinateri kubwa kwa jina la ENIAC, katika mji wa Philadelphia. Ilikuwa na uzito wa karibu tani 30 na lampi za umeme karibu 18.000. Waliomba breveti tarehe 26 Juni 1947, wakaipata tarehe 4 Februari 1964. Kompani Sperry Rand, iliyokuwa na haki hiyo, ikaanza kudai feza kwa kompani nyingine zenye kutengeneza ordinateri. Kompani moja, Honeywell, ilikataa, na maneno yakafika tribinali.

Tarehe 19 Oktoba 1973 mwamuzi Earl Larson alivunja breveti ya ENIAC. Kati ya sababu zake, tushike mbili. Ya kwanza: ENIAC ilikwisha kutumika na kuonyeshwa zaidi ya mwaka mmoja mbele ya kuombewa breveti, na sheria ya Marekani ilikataza vile. Ya pili: mawazo yake ya msingi yalitoka kwa Atanasoff. Sperry Rand haikupeleka maneno katika tribinali ya juu.

Basi, nani alishinda? Atanasoff alipata heshima, si feza, kwa sababu maombi yake hayakuandikwa. Eckert na Mauchly, waliofanya kazi kubwa kweli, walipoteza karatasi yao, tena kwa sehemu ni juu ya kuchelewa. Lakini tangu siku ile hakuna mtu aliyeweza kusema: «Ordinateri ni yangu, mnilipe wote.» Wazee wanasema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ilipotea kwa wachache, ikawa ya wote.

4. DAWA, NA VITU VYENYE UZIMA

Sasa tunafika fasi yenye magumu zaidi. Mtu anaweza kuishi bila ordinateri. Bila dawa anakufa.

Mwaka wa 1972 Ananda Chakrabarty, mtu wa asili ya India aliyefanya kazi katika kompani General Electric, aliombea breveti mikrobu. Alikuwa ameigeuza ili iweze kula petroli yenye kumwangika. Ofisi ilikataa kwa sababu ni kitu chenye uzima. Tarehe 16 Juni 1980 Tribinali Kuu ya Marekani ilimkubalia, waamuzi 5 juu ya 4. Walisema: mikrobu hii haikupatikana hivi duniani, ni kazi ya mtu. Mwaka wa 2013 tribinali ileile iliweka mpaka: mtu akitoa tu sehemu ya ADN kama ilivyo katika mwili, hawezi kuipatia breveti. Kuona kitu kilichokuwako si kukitengeneza.

Sisi Wakristo tunasoma katika Kutoka sura ya 31 kama Mungu mwenyewe alimjaza Besaleli akili ya ufundi. Kwa hiyo hatukatai kazi ya fundi ilipwe. Lakini tunajua vilevile kama uzima ni mali ya Muumba. Mpaka kati ya mambo haya mawili si rahisi kuuweka, na hata waamuzi wakubwa walipishana kwa sauti moja tu.

Tuangalie sasa insulini, dawa ya ugonjwa wa sukari, iliyovumbuliwa katika mji wa Toronto, Kanada, mwaka wa 1921. Mbele ya dawa hiyo, mtoto mwenye sukari ya nguvu alikuwa wa kufa tu. Mwaka wa 1923 Banting, Best na Collip waliuzisha haki yao kwa Iniversite ya Toronto, kila mtu kwa dola 1. Kuna mwenye kuuliza: kama hawakutaka feza, juu ya nini kuomba breveti? Jibu lina akili nyingi. Walijua kama wasipoiomba wao, mtu mwingine angeweza kuiomba na kufungia wengine mlango. Breveti yao ilishika ufunguo ili mlango ubaki wazi, na kuangalia dawa itengenezwe vizuri.

Si wote wanafanya vile. Mwaka wa 1998 kompani za dawa zilishitaki serikali ya Afrika ya Kusini juu ya sheria ya kutafuta dawa za bei ya chini, wakati SIDA ilikuwa inamaliza watu. Dunia ikapiga kelele, na mwezi wa Aprili 2001 kompani 39 zikaondoa mashitaki. Mwezi wa Novemba mwaka uleule, katika mji wa Doha, inchi za biashara ya dunia zilikubaliana kama breveti isizuize serikali kulinda afya ya watu wake. Serikali inaweza kutoa ruhusa dawa itengenezwe hata kama mwenye breveti hapendi, na kumlipa haki yake.

5. DAMU YA KIKWIT

Mwaka wa 1995 Ebola ilishambulia mji wetu wa Kikwit. Watu 315 waliugua, na karibu 8 kati ya 10 walikufa. Miaka 11 nyuma, mtu mmoja aliyepona alitoa damu yake. Profesa Muyembe na INRB ya Kinshasa walifanya kazi pamoja na laboratwari za Marekani na Uswisi. Katika damu ile walipata askari wa mwili wenye kujua kupigana na Ebola, na kwa huyo askari wakatengeneza dawa yenye kuitwa mAb114. Ilipimwa na dawa nyingine tatu huku mashariki, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019. Kati ya wagonjwa 100 walioipata, 35 walikufa. Kwa dawa ya zamani kidogo, ZMapp, walikufa karibu 50. Marekani iliikubali tarehe 21 Desemba 2020. Ruhusa ya kuitengeneza na kuiuzisha ilikuwa imetolewa tangu mwaka wa 2018 kwa kompani moja ya Florida.

Tusikasirike bure. Bila laboratwari za kule na feza nyingi, damu ile ingebaki damu tu. Lakini bila mgonjwa wa Kikwit, bila waganga wetu, bila familia za Beni zilizokubali dawa ipimwe juu ya watoto wao, hakungekuwa dawa. Basi tuna haki ya kuuliza: nani anashika ufunguo, na siku Ebola itarudi, mlango utafunguliwa upesi?

6. MAFUNDISHO

Kwanza, andika. Mwanafunzi mwenye kutengeneza jiko lenye kula makaa kidogo, ao mashini ya kutwanga mihogo, achore, aeleze, aweke tarehe na sahihi ya mwalimu kama shahidi. Hiyo si breveti, lakini ni ushuhuda. Asikionyeshe kwa wote mbele ya kutafuta shauri.

Pili, soma. Breveti za zamani ziko wazi kwa kila mtu. Zile ambazo muda wao umekwisha ni shule ya bure, na hakuna wa kutulipisha.

Tatu, tuwe watu wa kuuliza juu ya ufunguo. Inchi yenye kutoa damu, majani na mawe tu, bila watu wenye kujua kuandika na kupatana, itaendelea kununua kwa bei kubwa kitu kilichotoka kwake. Watu hao watatoka wapi kama si katika kalasi zetu?

MAULIZO

1. Breveti na siri vinapishana namna gani?
2. Kwa nini Atanasoff hakupata breveti? Na ENIAC ilipoteza yake juu ya nini?
3. Watu wa Toronto walikuwa na sababu gani ya kuomba breveti, hali hawakutaka utajiri?
4. Mzungumze katika kalasi: mgonjwa mwenye kutoa damu iliyozaa dawa, anastahili nini? Kila kundi lilete jibu la ukurasa mmoja.