TVZ: Rangi Zilifika Unguja Kabla ya Bara

Ukiuliza vyumbani kwetu hosteli kituo cha kwanza cha televisheni Tanzania ni kipi, wengi watakwambia ITV. Wengine watataja TvT. Wote wamekosa, na kosa lenyewe lina mafunzo kwa sisi tunaosomea ualimu.

Televisheni Zanzibar, yaani TVZ, ilianza mwaka 1973 na ilirusha matangazo kwa rangi. Hutajwa kuwa kituo cha kwanza cha rangi Afrika kusini mwa Sahara. Kenya ilianza televisheni 1962 na Uganda 1963, lakini kwa picha nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na viwanda vyake vyote, ilisubiri hadi Januari 1976. Bara sisi tulikuja kuona vituo vyetu mwaka 1994, tena vya watu binafsi, na televisheni ya taifa ikafuata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo kwa takribani miaka 20 nchi moja ilikuwa na upande unaotazama na upande usiotazama.

Iliwezekanaje? Utangazaji si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ilikuwa na uamuzi wake. Lakini uamuzi bila hela haurushi picha. Sensa ya 1978 iliwakuta Zanzibar watu chini ya laki 5, Unguja na Pemba kwa pamoja. Hilo ni soko dogo mno. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeweka mtaji wake pale akitegemea matangazo ya sabuni. Aliyeweka ni serikali, ambayo ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee wa karafuu na ndiyo iliyoshika fedha za kigeni zilizotokana nazo. Wazo linahusishwa na Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa Aprili 7, 1972. Kituo kikaanza chini ya Mzee Aboud Jumbe.

Sasa tazama Bara mwaka huohuo. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa, ikachagua redio. Mwaka 1973 ndipo ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili wakiwa na kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Chombo kilikuwa cha bei nafuu, ila mpangilio wake ulikuwa mzito.

Nikiwaza haya mawili kwa pamoja, sioni mshindi wa haraka. Rangi za TVZ zilikuwa fahari halali ya visiwa vidogo. Hata hivyo, ule mfumo wa vikundi ndio unaonishughulisha zaidi, kwa sababu unaonesha kuwa somo halimfikii mtu kwa sababu ya ubora wa kioo. Linamfikia pale kunapokuwa na mtu wa kumuuliza, "Umeelewa nini hapo? Na kesho utafanya nini?"

Turudi Unguja. Kituo kilichosimama juu ya zao moja hutikisika zao hilo likitikisika. Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake, ilipanda za kwake mpaka ikajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaanguka. Kisha wakaja washindani kutoka Bara na madishi ya setilaiti. Na kuna umeme. Mwaka 2008 waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja ulipata hitilafu, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikajirudia, mara hii kwa takribani miezi mitatu. Fikiria televisheni ambayo watazamaji wake hawana pa kuichomeka. Redio ya betri iliendelea kuongea.

Mwaka 2013 TVZ na redio ya serikali viliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Jina limebadilika, ila swali lililokuwepo tangu vyama vingi viliporudi 1992 bado liko palepale: chombo kinacholipiwa na umma kinamtumikia nani, umma au walioko madarakani? Soko likiwa dogo swali hili huwa kali zaidi, maana anayetoa hela ni mmoja, na anayetoa hela ana sauti.

Wapo wanaosema sasa hivi haina maana tena, kila mtu ana simu janja. Mimi sikubali. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa sekondari, na masomo yakapelekwa redioni na kwenye televisheni. Mwenye bando alikuwa na njia nyingi za kusoma. Asiye na bando alitegemea kile kinachopatikana bure hewani. Kituo kidogo cha nyumbani kinapimwa hapo: kinatoa nini ambacho hakuna mwingine angeona faida kukitoa? Habari za Micheweni, hali ya bahari kwa wavuvi wa Nungwi, somo la darasa la sita kwa Kiswahili chepesi.

Wenzangu tunaoenda mazoezi ya kufundisha, nina mapendekezo mawili. La kwanza, ukionesha video darasani, usiiache ifundishe peke yake. Igawe vipande, simamisha, wape wanafunzi kazi ya kufanya baada yake, kama walivyofanya watu wa Mtu ni Afya. La pili, ukipangiwa shule Unguja au Pemba, wapeleke wanafunzi wako wa Historia wakawahoji wazee walioiona TVZ ya mwanzo. Kanda huharibika kwa joto na unyevu, na wazee nao wanaondoka. Daftari la kidato cha pili lenye majibu ya bibi kumi ni chanzo halali cha historia, na halihitaji umeme.