Tulivyobadili Kamati ya Maji Bila Kugawanya Kijiji

Agosti ni mwezi mbaya wa pampu kuharibika. Kwetu Kitui ya kaskazini mvua ya Novemba inakuwa bado iko mbali, silanga, yaani bwawa letu la udongo, limebaki tope lililopasuka, na foleni ya kisimani huanza kabla ya alfajiri. Pampu yetu ya mkono ilikwama Agosti moja, ikakaa siku 34. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati. Akina mama waliokuwa wakirudi usiku na mitungi kutoka mashimo ya mchanga kule mtoni walipita mbele ya mlango wangu, na wengine waliacha kunisalimia. Kilichoharibika kilikuwa mpira mmoja ndani ya silinda. Fundi alipofika hatimaye, kazi yake ilichukua saa mbili.

Watu walitaka mkutano wa kuing'oa kamati nzima. Nilikuwa tayari kuondoka, lakini kwanza niliketi na daftari nikajiuliza siku 34 ziliishia wapi. Ukitaka kubadili chombo chochote cha watu wengi, kiwe kamati ya maji, chama cha akiba au shule, anzia hapo. Usianze na nani ana makosa. Andika siku, moja baada ya nyingine, na kilichokuwa kikingojewa kila siku.

Hesabu yangu ilitoka hivi. Siku 6 zilipita kabla kamati haijajua lolote, kwa sababu kila aliyekuta pampu imekwama alidhani aliyemtangulia ameshasema. Siku 11 zilikwenda kutafuta sahihi tatu za benki, mweka hazina akiwa Nairobi kwenye matanga. Siku 9 tulimngoja fundi wa mjini Mwingi, ambaye hakutaka kupanda pikipiki bila nauli mkononi. Alikuja na mpira usiofaa, zikapotea 5 nyingine. Siku 3 za mwisho tulikuwa tukichangisha upya. Niliposoma orodha hiyo mbele ya watu, kelele zilipungua. Hakuna aliyeiba. Tungemchagua mwenyekiti mwingine, naye angezikuta siku zile zile zikimngoja.

Baadaye nilijua kwamba jambo hili lilikuwa limepimwa karibu na kwetu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo kwenye mipini ya pampu za Kyuso. Kifaa kilihesabu mpini unavyopanda na kushuka, kikatuma habari kwa mtandao wa simu, na timu ya mafundi ikatoka pampu ilipoonekana imenyamaza. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa kwa wastani siku 27 hivi bila kutengenezwa. Muda huo ulishuka hadi chini ya siku 3. Kazi ile ikazaa kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix, inayohudumia Kitui na Kwale. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba wanakijiji hawakuhitaji kubadilika tabia. Kazi ya ufundi ilitolewa kwa wenye ufundi, na kamati ikabaki na kazi ya kamati. Kwa miaka mingi tulikuwa tukimtaka mwalimu mstaafu na mama wa duka wawe wahasibu, makanika na mahakimu kwa pamoja, bila malipo.

Sisi hatukuwa na kifaa cha mpinini. Tulichofanya ni kuziendea zile siku. Tuliandika namba moja ya simu kwa rangi kwenye ukuta wa kisima, na mama watatu wanaokaa karibu wakakubali kwamba yeyote kati yao akikuta pampu nzito anapiga simu saa hiyo hiyo, hata kama anajua mwenzake amepiga. Tukapitisha kwamba matengenezo yasiyozidi shilingi 5,000 hayangoji mkutano: mweka hazina na mmoja wa wale mama wanakubaliana, fedha zinatoka kwa M-Pesa, na ujumbe wa malipo unasomwa mkutano ukifika. Tukanunua mipira miwili ya akiba, ikawekwa dukani. Tukaandikiana na fundi: nauli tunatuma akiwa bado nyumbani, ujira anapata maji yakitoka.

Hilo la kulipa ujira maji yakitoka nililitoa kaunti ya Makueni. Kule nina shemeji aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mradi wa kaunti, na alinieleza utaratibu ulioanza baada ya ugatuzi wa 2013, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana. Wananchi wanakaa kuanzia kijijini, wanapanda hadi kata na kaunti, na mradi ukipita wanachagua kamati yao ya kuusimamia. Mkandarasi halipwi kabla kamati hiyo haijatia sahihi kwamba kazi imefanyika. Kwetu tulilipunguza likatosha kisima kimoja: wanawake wawili wanapiga pampu, wanajaza mitungi, wanatia sahihi kwenye daftari, ndipo fundi analipwa. Fundi alinuna mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja na vifaa kamili.

Sasa niseme tulipokosea, kwa sababu hapa ndipo mabadiliko mengi hufa. Ufunguo wa kisima ulikuwa kwa mzee mmoja tangu siku ya kuchimbwa. Aliongoza mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, uliosomba mawe na mchanga, na hakuwahi kulipwa hata senti. Katika utaratibu mpya ufunguo ulitakiwa uwe kwa anayekaa kisimani mchana kutwa akipokea fedha. Tuliyatangaza hayo mkutanoni, mbele ya watu wote, yeye akiwa amekaa mstari wa mbele. Aliinuka akaondoka. Jioni nilimfuata kwake.

"Mwanangu," aliniambia, "mngenijia hapa kwanza, ningewapa huo ufunguo kwa mkono wangu."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, na juma lililofuata mwenyekiti alikwenda pia, akamwomba yake. Tangu hapo nina desturi moja nisiyoivunja: anayepoteza kitu katika mabadiliko anaambiwa kwanza, nyumbani kwake, na mtu anayeheshimiana naye, kabla neno halijafika barazani. Tulipozungumza vizuri tukagundua pia kwamba mzee huyu anaijua pampu kwa sauti. Husema "imeanza kuchoka" wiki nzima kabla haijakwama. Tulimpa kazi ya kuisikiliza kila Jumatatu na kuandika, na mara mbili tumebadili mpira kabla haujakatika.

Lililobaki gumu ni fedha, na sitaki kukudanganya kwamba tumelimaliza. Mvua ikinyesha watu wanakinga maji ya mabati na kuchota silanga, na mapato ya kisima yanaanguka hadi karibu sufuri. Mwanzo tulitoza kila nyumba kiasi kile kile kila mwezi. Novemba na Desemba wengi hawakulipa, na walikuwa na haki, kwa sababu maji yetu hawakuyatumia, na fedha zao zilikuwa zimekwenda kwa mbegu za ndengu na mbaazi. Sasa tunatoza kwa mtungi, na kati ya Julai na Oktoba theluthi moja ya mapato inawekwa kando, haiguswi hadi mvua ianze. Kiwango cha mtungi tunakiweka upya kila mwisho wa Juni, siku ya soko, saa nne asubuhi. Akina mama ndio waliochagua saa hiyo. Mkutano ulipokuwa Jumamosi alasiri, walikuwa kisimani.