SOMO LA FAMILIA: MPENZI ASIYEKUBALI KUACHWA
Someni: 2 Samweli 13:1-22

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, ingawa limo ndani ya simu za watoto wao. Vijana wetu, hasa mabinti, wanasoma riwaya za mapenzi ya giza. Ndani yake mwanaume anampenda msichana mpaka anakuwa kama mgonjwa. Anamfuata njiani, anaingia chumbani kwake usiku, anawatisha wote wanaomsogelea. Mwishowe msichana naye anampenda, nao wanaishi kwa raha.

Msidhani ni wapumbavu tu wanaozisoma. Mwaka 2005 ilitoka Twilight ya Stephenie Meyer, ambamo kijana mnyonya damu anaingia usiku kumtazama msichana akilala, bila yeye kujua. Kutokana na hadithi hiyo E. L. James alianza kuandika Fifty Shades of Grey, iliyotoka 2011. Hiyo na vitabu vyake viwili vilivyofuata viliuzwa nakala zaidi ya milioni 100. Siku hizi vitabu vingine vinaweka onyo ukurasa wa mbele, kutaja ukatili uliomo, na wasomaji wanalifuata onyo lile kama nzi wanavyofuata asali.

Kwa nini? Kusema "ni shetani" na kufunga mazungumzo hakutusaidii. Msomaji ana uwezo ambao msichana wa kitabuni hana: anaweza kufunga kitabu. Tena mwandishi anamwonyesha moyo wa yule mwanaume, hivyo anajua kwamba ndani ni mwema, na tangu mwanzo anajua mwisho utakuwa mzuri. Hofu isiyo na hatari inasisimua. Hata mtoto anapenda kusimuliwa habari za zimwi, mradi awe amemkumbatia mama yake.

Kwetu sisi wakimbizi iko sababu nyingine, nami naiona ndiyo kubwa. Mtu aliyekimbia ameachwa mara nyingi: na nchi, na majirani, pengine na baba aliyesema atarudi kesho. Amehesabiwa, amepewa namba, amesimama kwenye foleni ya posho pamoja na maelfu. Halafu anasoma habari za mtu anayemtafuta yeye peke yake, asiyeweza kumwacha hata akifungiwa mlango. Mnashangaa kwamba moyo wake unapumzika hapo? Njaa hiyo si dhambi.

Sasa tazameni kitabu cha zamani zaidi, Wuthering Heights cha Mwingereza Emily Brontë, kilichotoka 1847. Heathcliff anampenda Catherine hata baada ya kifo, mpaka anafukua kaburi lake. Wengi wanakumbuka hayo tu, wanasahau Isabella, msichana anayetoroka na Heathcliff huyo huyo. Usiku wa kutoroka, Heathcliff anamtundika mbwa mdogo wa Isabella kwa kitambaa shingoni. Isabella anaona, anamwombea mbwa wake, na bado anakwenda naye! Baadaye Heathcliff mwenyewe anamcheka kwamba alimdhania kuwa shujaa wa hadithi za mapenzi. Isabella anapigwa na kudhalilishwa, kisha anakimbia akiwa na mimba. Brontë hakuwadanganya wasomaji wake. Wasomaji ndio waliochagua ukurasa wa kukumbuka.

Na Amnoni? Alikonda kwa kumtaka Tamari. Kama hadithi ingeishia hapo kitandani, tungesema, "Jamani, alivyompenda!" Lakini Maandiko yanaendelea. Tamari anamkanda unga, anampikia, anamsihi kwa maneno ya busara, hasikilizwi. Amnoni akiisha kumtenda jeuri, anamchukia kuliko alivyompenda, na kuamuru atolewe nje na mlango ufungwe nyuma yake. Angalieni vizuri: katika mapenzi yale yote Amnoni hakumwuliza Tamari anataka nini.

Mjini au kambini, mtu wa namna hii haji na onyo ukurasa wa mbele. Anakagua simu ya binti. Anamkataza kwaya, halafu shule, halafu shangazi zake. Akiambiwa hapana, anasema atajiua. Wazazi wengine husema, "Ana wivu kwa sababu anakupenda," hasa kama kijana ana kazi na ameleta sukari nyumbani. Binti akilalamika anaambiwa avumilie. Absalomu naye alimwambia dada yake anyamaze.

Msinyang'anye simu. Ombeni mhadithiwe kile kitabu, hata kama masikio yatawaka. Mwulizeni binti: yule mwanaume angefanya nini kama msichana angeendelea kukataa? Wavulana nao waulizwe, maana wanajifunza humo humo kwamba "hapana" ni mlango wa kusukuma. Na akina baba mjadiliane juu ya mstari wa 21: Daudi alisikia habari zote, akakasirika sana. Baada ya hasira hiyo, alifanya nini kwa ajili ya Tamari?