Choo cha jirani na kisima changu

*Kisima chetu kiko chini ya choo cha jirani. Masika maji hunuka. Nitajuaje kama uchafu unafika? – Mama, Muleba*

Mama, hofu yako ina msingi. Maji ya ardhini mara nyingi hufuata mteremko. Udongo wa mfinyanzi huyachelewesha na kunasa vijidudu vingi. Kwenye nyufa za mawe ya mchanga, yaliyo mengi Bukoba na Muleba, hupita haraka. Wataalamu humwaga maji ya chumvi upande wa juu, kisha hupima kisimani: chumvi ikiongezeka, njia ipo.

Waombe RUWASA, wakala wa maji vijijini, ofisi ya wilayani, wapime bakteria na nitrati, masika na kiangazi. Chemsha maji ya kunywa, lakini nitrati haiondoki kwa moto, hivyo usimkorogee mtoto mchanga maziwa kwa maji hayo. Mtoto akiharisha, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.