Roboti, korosho na mtihani

SWALI: Binti yangu wa kidato cha nne hapa Newala anaongoza klabu ya roboti, wanajiandaa kushindana na wenzao wa Masasi. Msimu wa korosho umeanza. Nimwachishe klabu?
Mama, Newala

JIBU: Usimwachishe, mama, mpunguzie. Kuokota korosho hushika kasi Oktoba, na mtihani wa taifa ni Novemba. Kwa wiki hizo roboti isubiri. Uongozi amkabidhi wa kidato cha tatu sasa, akiwaonyesha programu na nyaya zilivyo. Fizikia na Hisabati ndizo zitakazomfikisha kwenye uhandisi. Kidato cha tano huanza Julai, hivyo baada ya mtihani atakuwa na miezi ya kurudi klabuni. Shambani aende Jumamosi asubuhi tu. Kaka zake, kama wapo, nao waokote, tafadhali; kazi za nyumbani zisimwelemee yeye peke yake.